Udongo wa Murang'a kwenye mfereji wa Nairobi

Mvua ya masika ikishika milimani, sisi wa Nairobi huuliza swali moja tu: Ndakaini imejaa? Bwawa hilo la Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, huhifadhi takriban mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kubwa la mifereji ya majumbani mwetu. Lakini mito ikishuka na matope, mtambo wa kusafisha maji wa Ng'ethu hulazimika kutumia zaidi shabu, dawa ya kutuliza tope, na tope linalotua bwawani hula nafasi ya maji. Tope hilo lilikuwa udongo wa juu wa shamba la mtu, pamoja na mbolea aliyoinunua.

Kwa nini basi asiuzuie? Naulizwa hivyo mara nyingi hapa mjini, tena kwa sauti ya lawama, kana kwamba wakulima hawajui. Wanajua. Wao ndio wa kwanza kuona kijito kimegeuka chekundu.

Tazama kazi yenyewe. Tuta la fanya juu (hata vitabu vya kigeni huliita hivyo hivyo) huanza kwa kamba na pima maji, kifaa cha kuonyesha usawa, kisha unachimba mtaro wa kukata mteremko na kurusha udongo upande wa juu. Ni kazi ya jembe, sepetu na mgongo. Mwenye ekari moja hupoteza mistari ya mahindi msimu uleule, ilhali faida huonekana taratibu, misimu kadhaa baadaye. Aliyekodi shamba kwa mwaka mmoja atamchimbia nani? Na yule anayelima kipande ambacho hatimiliki yake ingali kwa jina la marehemu babu, naye husita.

Tena kuna kumbukumbu. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta bila malipo, na mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake. Mwaka 1947 Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall, ilikataa kazi hiyo. Wajukuu wa waliogoma ndio sisi tunaohimiza matuta tunaowaendea leo tukiwa na makabrasha.

Kwa maoni yangu, hotuba kuhusu mazingira haifui dafu mbele ya ng'ombe mmoja wa maziwa. Tuta likipandwa nyasi za nepia, mizizi hushika udongo na majani hulisha ng'ombe, na maziwa huleta pesa kabla mahindi hayajakomaa. Kidimbwi cha kuvunia maji ya mvua, kilichotandikwa karatasi ngumu ya plastiki, humwezesha mtu kumwagilia sukuma wiki Januari, bei inapopanda. Mkulima akiona hayo kwa jirani, huja mwenyewe kuuliza pima maji iko wapi. Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi (Upper Tana ni sehemu ya juu ya bonde la mto Tana), uliozinduliwa mwaka 2015, unafuata hesabu hiyo: watumiaji wakubwa wa maji na umeme huku chini wachangie kazi ya kule juu, maana kuzuia tope shambani ni nafuu kuliko kulishughulikia likishafika bwawani.

Palipobaki pagumu ni ukingo wa mto. Tunamwambia mkulima aache ukanda huo, apande nyasi au mianzi, ang'oe mikaratusi inayokunywa maji. Lakini hapo ndipo nduma hustawi, na mikaratusi ndiyo karo ya shule iliyosimama wima. Nduma zile tunazila sisi, Nairobi, kwa chai ya asubuhi, na hadi sasa hatujamwonyesha zao la ukingoni litakalomlipa kama hizo.