Faili la daktari na kanda za Ikulu: Kennedy, 1962

Wanaoniuliza kuhusu maisha ya faragha ya John F. Kennedy, rais wa Marekani 1961–1963, wengi hutaka habari za wanawake. Kwa maoni yangu zito zaidi ni afya yake, maana hiyo iliwahusu wapiga kura moja kwa moja.

Mwaka 1947, akiwa London, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Addison: tezi zilizo juu ya figo hazitoi homoni za kutosha, na asiyetibiwa hufa. Baadaye akawa anaishi kwa dawa za jamii ya kotisoni. Oktoba 1954 alipasuliwa mgongo, kidonda kikaingia maambukizi, akazidiwa hadi padri akaitwa kumpa sakramenti ya mwisho. Mwaka uliofuata jarida moja la upasuaji lilieleza kisa cha mwanamume wa miaka 37 mwenye Addison aliyefanyiwa upasuaji huo, bila kumtaja jina. Yaani ushahidi ulikuwa tayari umo maktabani mwaka 1960, alipogombea urais na kambi yake ikakana ugonjwa huo kwa maneno ya kuzungukazunguka.

Je, maradhi na dawa vilimvuruga akili? Bahati nzuri, mwaka 1962 aliweka vinasa sauti vya siri Ikulu, na mgogoro wa makombora ya Cuba, Wasovieti walipoweka makombora ya nyuklia kisiwani humo, umo kwenye kanda. Sikiliza kikao cha tarehe 19 Oktoba. Jenerali Curtis LeMay, mkuu wa jeshi la anga, anamshinikiza ashambulie, anamtupia hata mfano wa Munich, mwaka 1938 Uingereza na Ufaransa zilipomlegezea Hitler. Kennedy hapandishi sauti. Hofu yake ni kwamba Cuba ikipigwa, Wasovieti wataichukua Berlin Magharibi, iliyokuwa upande wa Marekani. Tarehe 27 ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, inatunguliwa juu ya Cuba, rubani Rudolf Anderson anakufa, na washauri wengi hawataki kusikia habari ya kuyaondoa makombora ya Marekani Uturuki ili Wasovieti nao wayaondoe ya Cuba. Yeye anashikilia kwamba watu wengi wataona ni mabadilishano ya haki. Anayesema hayo ni mtu wa vidonge kila siku, mgongo umefungwa mkanda.

Kanda hizo zinamtetea kama rais. Kama mgombea, hapana. Mwaka 1960 alimshinda mpinzani wake Richard Nixon kwa kura zisizofika 120,000 nchi nzima, na waliompigia walinyimwa haki ya kupima wenyewe suala la afya yake.

Marekebisho ya 25 ya Katiba, yaliyopitishwa rasmi mwaka 1967, yanaeleza jinsi makamu anavyoshika madaraka rais akishindwa kazi. Mgombea hayamgusi: hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha kufungua faili lake la matibabu.