Je, wajua? Kijiji cha Stilton hakiruhusiwi kuliita jibini lake Stilton

Kaskazini mwa London, kando ya barabara kuu ya zamani iliyokuwa ikielekea Scotland, kuna kijiji kiitwacho Stilton. Kuna pia jibini liitwalo Stilton, lenye mishipa ya ukungu wa buluu na harufu ambayo wageni wengi huikimbia kabla ya kuonja. Sasa, mkazi wa kijiji hicho akifuga ng'ombe wake, akakamua, akagandisha maziwa kwa ustadi wote, kisha akaliita jibini lake Stilton akalipeleka sokoni, atakuwa amevunja sheria. Aliye wilaya nyingine, kilomita nyingi kutoka hapo, yeye anaruhusiwa.

Nilipolisikia hili mara ya kwanza nilidhani ni utani. Lilinisumbua zaidi kwa sababu lilivunja hotuba niliyokuwa nimeitoa hadharani, mbele ya mafungu ya mchele.

Ilikuwa Tandale, Dar es Salaam. Mnaoijua soko hilo mnajua mchele unavyopangwa: mafungu marefu ya mlima, na juu ya kila fungu kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene. MBEYA. KAHAMA. IFAKARA. KYELA. Nikachota wa Kyela kiganjani, nikaunusa, nikatafuna punje mbili kama mtaalamu. "Mama, huu umetoka Kyela kweli?" Muuzaji hakusita. "Hii ni Kyela ya Ifakara, mwanangu. Mbegu ni ile ile."

Kyela ya Ifakara! Nikaanza kumweleza kwamba wenzetu wa Ulaya wana sheria ya mambo haya: zao likishasajiliwa kwa jina la mahali, hakuna mtu wa kwingine anayeruhusiwa kulilima. Nikasema Wafaransa wamezuia watu wengine kutengeneza shampeni, na sisi tungekuwa makini mbegu ya Kyela isingeota Ifakara. Mama akanisikiliza kwa adabu, akauliza nipimiwe kilo ngapi.

Karibu kila nilichosema kilikuwa kosa, na kwa kuwa nimekuta watu wengi wenye kosa hilo hilo, nitalifumua polepole.

Sheria ninayoizungumzia inahusu kile ambacho kwa lugha ya ofisini huitwa kiashiria cha kijiografia, yaani jina linalomwambia mnunuzi kwamba bidhaa imetoka mahali fulani, na kwamba ubora wake au sifa yake inatokana na mahali hapo. Ulaya imekuwa na utaratibu wa pamoja wa kuyalinda majina ya vyakula tangu 1992. Mkataba wa TRIPS (ule wa haki za mali ya ubunifu) wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 1995, ukaupeleka wajibu huo kwa nchi wanachama kwa jumla, ingawa mvinyo na pombe kali zilipewa ulinzi mzito kuliko mchele, asali au pilipili. Walioketi mezani wakati huo walikuwa na mizabibu mingi.

Kosa la kwanza ni kudhani sheria hii inalinda mbegu. Hailindi. Mbegu zina sheria yake; Tanzania Bara, kwa mfano, ina ile ya haki za wagunduzi wa mbegu ya mwaka 2012, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Ushahidi mzuri tunao nyumbani. Karafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, Indonesia. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kama jina lingefuata mbegu, basi hakuna karafuu ya Zanzibar duniani. Zote zingekuwa za Maluku zilizozaliwa ugenini. Na kama jina lingefuata kisiwa kwa ukali wa neno, Wapemba wangekuwa na kesi nzito, maana sehemu kubwa ya zao hilo hutoka kwao.

Kosa la pili ni kudhani inalinda pishi, yaani namna ya kutengeneza. Mtu yeyote, popote, anaweza kutengeneza mvinyo wenye mapovu kwa njia ile ile inayotumika Champagne, eneo la Ufaransa lililoipa shampeni jina, na wengi wanafanya hivyo kila siku. Hawakatazwi kutengeneza. Wanakatazwa, katika nchi nyingi, kuuita shampeni.

Kosa la tatu ndilo lililoniuma, kwa sababu hata baada ya kuyajua hayo mawili bado nilibaki nalo. Nilisema: sawa, basi inalinda mahali. Jina ni la kijiji, kwa hiyo wanakijiji ndio wenye haki. Hapo ndipo Stilton inapoingia.

Katika karne ya 18 Stilton ilikuwa kituo cha mabasi ya farasi. Wasafiri walishuka, wakala, wakanunua jibini kwenye nyumba ya wageni, wakaendelea na safari wakilisifu kwa jina la mahali walipolinunulia. Msafiri mmoja wa miaka ya 1720 aliandika kwamba watu waliliita Parmesan ya Waingereza, kwa kulifananisha na jibini maarufu la Italia, na kwamba liliwekwa mezani na utitiri mwingi kiasi cha kuletewa na kijiko cha kulia utitiri huo. Kwa maelezo yaliyozoeleka, jibini lenyewe lilitengenezwa kwingine. Stilton ilikuwa duka tu. Ni kama maembe ya Muheza yangejulikana dunia nzima kwa jina la stendi ya mabasi.

Watengenezaji waliposajili jina mwaka 1996, waliandika masharti. Jibini litengenezwe katika wilaya tatu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Maziwa yawe ya ng'ombe, ya humo humo, na yachemshwe kwanza kuua vijidudu. Umbo liwe la mche duara. Lisikandamizwe, na ganda lijifanye lenyewe. Kijiji cha Stilton kiko Cambridgeshire, nje ya mstari. Wanakijiji walitafuta maandishi ya zamani kuonyesha kwamba jibini liliwahi kutengenezwa kwao pia (huenda halikufanana na la leo), wakaomba masharti yarekebishwe, na mwaka 2013 wakakataliwa.

Kuna lingine, na hili nalipenda zaidi. Huko Nottinghamshire, ndani kabisa ya mstari, tangu 2006 kuna watu wanaotengeneza jibini la namna hiyo kwa maziwa mabichi, kama lilivyotengenezwa kwa vizazi kabla ya mambo ya kuchemsha. Wako mahali panapostahili, wanafuata njia ya zamani kuliko ya wenzao, na bado hawaruhusiwi kuliita Stilton kwa sababu sharti linasema yachemshwe. Wakaliita Stichelton, umbo la kale la jina la kijiji kile kile.

Kwa hiyo sheria inalinda nini hasa? Inalinda jina, kwa faida ya yeyote aliye ndani ya mstari uliochorwa na anayetimiza masharti yaliyoandikwa. Vyote viwili, si kimoja.

Njia rahisi niliyopata ya kulieleza hili ni daladala. Tazama basi linalosimama kituoni. Mbele limeandikwa Mbagala – Kariakoo, na ubavuni lina mstari wa rangi ya njia hiyo. Nyuma, juu ya kioo, mwenye gari ameandika maneno yake: Mungu Hamtupi Mja Wake. Na gari lenyewe ni Coaster.

Maneno ya nyuma ni ya mwenye gari peke yake. Hiyo ndiyo alama ya biashara ya kawaida: anaweza kuyauza pamoja na gari, kuyafuta, au kuyahamishia kwenye gari jingine linalokwenda Tegeta. Jina la njia si lake. Analitumia yeye, analitumia mshindani wake aliye nyuma anayepiga honi, na kesho atalitumia mgeni atakayepata leseni ya njia hiyo. Hakuna kati yao anayeweza kumuuzia mtu wa Tegeta maneno “Mbagala – Kariakoo”. Hicho ndicho kiashiria cha kijiografia. Ni haki ya wengi isiyouzika, na kila anayetimiza masharti anaruhusiwa kuingia.

Coaster ndiyo mbegu. Iko Mbagala, iko Mwanza, iko Lubumbashi, na hakuna anayeuliza. Mama wa Tandale aliponiambia “mbegu ni ile ile” alikuwa ananieleza aina ya gari wakati mimi nimeuliza njia.

Wenye daladala wana neno la kosa lenyewe: kukatisha ruti. Gari limeandikwa Kariakoo, konda anashusha watu njiani na kugeuza. Gari ni zima, dereva anajua kazi, lakini abiria alipanda kwa sababu ya maandishi. Sheria ya viashiria ni sheria dhidi ya kukatisha ruti. Ndiyo maana inahitaji mtu wa kukagua, na ukaguzi ndio unaokula fedha. Masharti yasiyo na mkaguzi ni kipande cha boksi chenye maandishi mazuri.

Mfano wangu una mpaka wake, niseme kabla msomaji hajasema. Njia za daladala hupangwa na mamlaka, kwa ajili ya abiria. Mstari wa jibini mara nyingi hupendekezwa na watengenezaji wenyewe, na haishangazi kwamba huwa unapita nyuma ya nyumba zao. Tena baadhi ya majina yaliyolindwa si ya mahali hata kidogo. Feta, jibini la Ugiriki la maziwa ya kondoo na pengine mbuzi kidogo, jina lake linatokana na neno la Kiitaliano la kipande. Denmark, iliyokuwa ikitengeneza “feta” ya maziwa ya ng'ombe, na Ujerumani zilipinga hadi mahakama ya Ulaya, zikashindwa mwaka 2005. Kwa upande mwingine kuna kijiji cha Uswisi ambacho kwa kweli kinaitwa Champagne, kinacholima zabibu zake tangu zamani, na tangu 2004 hakiruhusiwi kuuza mvinyo kwa jina hilo. Stilton ina wenzake.

Linalofanya watu wakimbilie kusajili ni kwamba jina la mahali likiachwa bila mwangalizi huwa linapotea, na likishapotea halirudi. Kiswahili kina kumbukumbu ya jambo hili. Katikati ya karne ya 19, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa Zanzibar na mabaharia wa Massachusetts kiliitwa merikani, yaani cha Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861 shehena zikapungua, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia pengo. Kitambaa kilitoka Bombay; jina likabaki merikani. Jina la mahali lilikuwa limegeuka jina la kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Cheddar, jibini linalotengenezwa leo kuanzia Kanada hadi New Zealand bila mtu kuulizwa, na kwa haradali ya Dijon, ambayo mbegu zake nyingi hutoka Kanada.

Na hapa ndipo mchele unaporudi. Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, wilaya ya Karonga hulima mchele wenye harufu nzuri unaouzwa hadi Scotland. Unaitwa Kilombero. Msomaji wa Morogoro atashtuka: Kilombero ni bonde letu! Kwa Wamalawi ni jina la mbegu, na wanalitaja bila hila yoyote, kama mtu anayetaja Coaster. Siku Tanzania ikitaka kulisajili jina hilo ugenini itakutana na hoja hiyo mlangoni. Itakutana pia na kanuni nyingine ya TRIPS: jina lisilolindwa kwao halina nguvu ya kudai ulinzi kwa wengine.

Je, mahali pana tofauti kweli, au ni maneno ya wauzaji? Kwa mchele jibu ni la nusu kwa nusu. Harufu ile hutokana hasa na kemikali moja, na uwezo wa kuitengeneza umo kwenye mbegu, katika jeni iitwayo BADH2. Lakini kiasi kinachofika puani hutegemea pia hali ya shamba: joto wakati punje zinajaa, maji, udongo, hata namna ya kukausha. Mama alikuwa na nusu ya ukweli. Nusu ya pili imebaki Kyela.

Sheria kwa upande wetu zipo kwa viwango tofauti. Zanzibar iliingiza viashiria katika sheria yake ya mali za viwandani ya 2008, Uganda ikatunga ya peke yake mwaka 2013, na Kenya hupitia mlango wa alama za biashara za vikundi. Afrika ya Kati na Magharibi wametangulia: pilipili ya Penja, inayolimwa kwenye udongo wa volkano nchini Kamerun, ilisajiliwa mwaka huo huo wa 2013.

Nilirudi Tandale baadaye, nikiwa na unyenyekevu zaidi na mfuko mkubwa zaidi. Mafungu yalikuwa yale yale. Juu ya moja, lenye bei ya juu kidogo kuliko majirani zake, kipande kipya cha boksi kilisomeka: KYELA YA KYELA.