Ruzuku za safari za utafiti: "zina wenyewe" na dhana nyingine

Tangazo la ruzuku ya safari ya kitafiti likiingia kwenye kundi la WhatsApp la watafiti hapa Dodoma, jibu la kwanza huwa halichelewi: "Hizo zina wenyewe." La pili: "Wanataka maprofesa." Kisha watu wanarudi kwenye michango ya harusi. Siku ya mwisho ya kutuma maombi inapita, na mwakani tangazo lilelile linarudi kupokewa vilevile.

Nazungumzia fedha ya kumpeleka mwanasayansi kwenye maabara au kituo cha utafiti nje ya nchi kwa wiki au miezi michache, afanye kazi maalumu na kurudi. Haihusu kusoma shahada, na mara nyingi haihusu kuhudhuria kongamano. Hayo yana mifuko yake. Wapo wanaopeleka andiko zuri kabisa kwenye mfuko usio wake, wakikataliwa wanasema wameonewa.

"Ni za maprofesa"

Nyingi zimewekwa makusudi kwa walio mwanzoni. TWAS, akademia ya sayansi kwa nchi zinazoendelea iliyoanzishwa mwaka 1983 na mwanafizikia Abdus Salam huko Trieste, Italia, ina mpango na DFG, shirika la kufadhili utafiti la Ujerumani, wa kuwapeleka watafiti wa Afrika Kusini mwa Sahara kwenye taasisi za Ujerumani kwa miezi mitatu. Sharti lake ni kwamba uwe umepata shahada ya uzamivu ndani ya miaka mitano. Profesa wetu aliyehitimu zamani hapo hana chake. Company of Biologists ya Uingereza nayo hufadhili ziara za maabara kwa wanafunzi wa uzamivu ambao hata hawajahitimu, bila kujali uraia. Wazee wana milango yao pia, kama Fulbright ya watafiti wa Afrika, ufadhili wa serikali ya Marekani, ambayo humpeleka mhadhiri Marekani kati ya miezi mitatu na tisa. Soma masharti ya mwaka huu, maana hubadilika, na usome ya kwenye tovuti ya mfadhili, si picha iliyopigwa kwenye simu ya mtu.

"Bila kujuana hupati"

Hapa nusu ni kweli. Wapitiaji wa maombi hawakujui, na wengi hawana haja ya kukujua. Lakini barua ya mwaliko lazima itoke kwa mtu anayejua kazi yako, na aliyewahi kukutana naye kwenye kongamano ana faida. Tofauti ni kwamba kujuana huku kunajengwa kwa baruapepe moja nzuri, hakurithiwi kwa mjomba.

"Niandike maombi kwanza, mwaliko utafuata"

Hili ndilo linaloua maombi mengi kuliko mengine yote, na linastahili kukaliwa kidogo. Mtu anajaza fomu, anaandika wasifu, anatafuta wadhamini, halafu zikibaki siku nne anatuma baruapepe kwa maprofesa kumi wa Ulaya: "Mheshimiwa, ninavutiwa sana na utafiti wako na ningependa nafasi yoyote katika maabara yako." Hakuna anayejibu. Akijibu mmoja, barua anayotoa ni ya mistari mitatu isiyosema lolote, na mpitiaji anaiona hivyohivyo.

Mwaliko ndio moyo wa maombi, kwa hiyo uanze miezi kadhaa kabla. Na usiombe nafasi, eleza kazi. Chukua mfano wa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka na karanga, ambayo hapa kwetu si nadharia: mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara na kuua watu wapatao 20. Mtafiti wa mahindi na karanga angeweza kuandika hivi:

"Tumekusanya sampuli za mahindi kutoka maghala ya wakulima wa Chemba na Kondoa. Kwa ELISA, kipimo cha haraka cha maabara, tumeona nyingi zimevuka kikomo cha Afrika Mashariki cha maikrogramu 10 kwa kilo. Tunachokosa ni kupima sumukuvu na fumonisini, sumu nyingine ya ukungu, kwa pamoja katika sampuli moja, jambo ambalo maabara yako imelifanya katika makala yenu. Naomba kuja wiki nane: mbili za kujifunza kuandaa sampuli, nne za kupima, mbili za kuchambua matokeo. Nikirudi, sampuli za msimu unaofuata nitazikusanya kwa utaratibu huohuo."

Hapo mwenyeji anajua atatoa mashine gani, kwa siku ngapi, na nani amsimamie mgeni. Anajua pia yeye anapata nini: sampuli na takwimu ambazo hana njia nyingine ya kuzifikia. Barua yake ya mwaliko itarudia mambo hayo kwa maneno yake, na barua ya namna hiyo ina uzito. Usiogope kumkumbusha baada ya wiki mbili kama hajajibu. Wao pia wanazidiwa na ujumbe.

"Nje ni Ulaya na Marekani"

Kwa mwanasayansi wa kanda ya kati, dhana hii inanisikitisha kuliko zote, kwa sababu inamfanya aruke mahali panapomfaa.

Tazama zabibu. Mtafiti wa Makutupora, kituo cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, anashughulika na mzabibu unaovunwa mara mbili kwa mwaka katika nyanda kavu za kitropiki. Akipata miezi mitatu Ufaransa kuanzia Januari, atakuta mizabibu imelala, haina hata jani. Mvuno wao ni mmoja. Atajifunza mengi kuhusu mvinyo, lakini kuhusu mmea anaoushughulikia ni kidogo. Ilhali Brazili, Petrolina, kwenye bonde la mto São Francisco, kuna Embrapa Semiárido, kituo cha utafiti wa kilimo cha ukame. Huko mizabibu inamwagiliwa, inapogolewa kwa ratiba ya mkulima na inazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwenye joto na ukavu wanaoufahamu watu wa Dodoma. Maswali ya magonjwa ya majani, wakati wa kupogoa na chumvi ya maji yanafanana na yetu. Andiko linaloeleza kwa nini Petrolina wala si Bordeaux ya Ufaransa linampa mpitiaji sababu ya kuendelea kusoma.

Mtama na uwele ni hivyohivyo. Aliye kituo cha utafiti cha Hombolo anaweza kuangalia ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nyanda kavu, iliyoko karibu na Hyderabad, India, tangu mwaka 1972, ambayo mazao yake makuu ni hayohayo pamoja na karanga. Wa mifugo Mpwapwa wana ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hapo Nairobi, na wa wadudu wana icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pia Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo. TWAS yenyewe ina nafasi za kwenda nchi za Kusini, zikiwamo India, China na Pakistani, na nionavyo, watu wa huku hawaziombi kwa sababu hazina theluji ya kupigia picha.

"Kiingereza changu hakitoshi"

Wapitiaji wengi Kiingereza si lugha yao ya mama. Wanachotafuta ni swali lililo wazi. Sentensi fupi zinatosha. Kama fomu inataka cheti cha lugha, uliza kama barua ya chuo kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza inakubalika.

"Ni hela ya kurudi nayo"

Ruzuku ya kawaida hulipa tiketi ya daraja la kawaida, posho ya kujikimu, bima na pengine viza. Posho imepimwa kwa bei za huko, na kodi ya chumba pekee inaweza kula sehemu kubwa. Anayepanga kuanza msingi wa nyumba Iyumbu kwa posho hiyo atarudi na deni. Mambo mawili ya kuuliza kabla: je, fedha hutolewa mapema au unatumia zako na kurejeshewa kwa risiti? Na nani analipia kemikali na matumizi ya mashine? Mifuko mingi hailipi hilo la pili, kwa hiyo mwenyeji aandike kwenye barua yake kwamba atalibeba. Kama fomu inaruhusu, weka pia nauli ya Dodoma hadi Dar es Salaam na malazi ya siku za viza. Watu husahau kipande hicho kana kwamba ndege inaondokea Nyerere Square.

Na kama "mfadhili" anakudai ada ya kushughulikia maombi, tena kwa kutuma kwenye namba ya simu, hapo hakuna ruzuku. TWAS, DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma) na Fulbright hawatozi ada ya maombi.

"Nimekubaliwa, nimemaliza"

Barua ya kukubaliwa ni mwanzo wa karatasi. Mtumishi wa umma anahitaji kibali cha kusafiri nje, kinachopitia kwa mwajiri wake, na faili halitembei kwa sababu wewe una haraka. Mweleze mkuu wa idara tangu unapoomba, si siku ya kuaga. Yeye ndiye atakayejibu nani anafundisha vipindi vyako.

Viza nayo ina hesabu yake. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, viza ya muda mfupi hairuhusu zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180. Miezi mitatu ya kalenda inaweza kufika siku 92, na hapo utahitaji viza ya aina nyingine, yenye foleni ndefu zaidi. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Pasipoti unaweza kuishughulikia hapahapa, lakini ubalozini ni Dar es Salaam, ingawa treni ya SGR imepunguza adha ya safari hiyo.

Kinachowashtua wengi ni sampuli. Mahindi, majani ya mzabibu au udongo havipakiwi tu kwenye begi. Mazao na mimea vinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na nchi ya mwenyeji huweza kudai kibali chake cha kuingiza. Sampuli za binadamu zinahitaji idhini ya maadili na makubaliano ya kuzihamisha, na hapo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanahusika. Makubaliano yaseme sampuli ni za nani, zitafanyiwa nini, na nani ataandikwa kwenye makala. Andika tarehe za karatasi hizi kwenye mpango kazi kama unavyoandika siku za maabara, na kama hazitawahi, mwambie mwenyeji mapema. Kuna kazi zinazoweza kufanyika kwa sampuli ambazo maabara yake inazo tayari, za kwako zikafuata kwa kampuni ya usafirishaji.