Ubia: maana yake, na kwa nini kiwanda cha Kibo hakikufungwa kwa ubia

Neno ubia nimelisikia likitumiwa vibaya kwa miaka, nikavumilia. Wiki hii uvumilivu umekwisha. Mtangazaji mmoja alikuwa akisimulia historia ya bia Afrika Mashariki, akasema kiwanda cha Kibo cha Moshi kilifungwa "baada ya kampuni ya Kenya na ya Tanzania kuingia ubia". Siku mbili baadaye nikakuta mtu ameandika kwamba kampuni ya Ubelgiji inayomiliki sehemu kubwa ya Tanzania Breweries ni "mbia wa Watanzania". Kauli zote mbili zimekosea, na zinakosea kwa namna inayoficha jambo lenyewe.

Maana kwanza, kwa kifupi. Ubia ni watu au kampuni kuweka mali, fedha au ujuzi wao pamoja katika shughuli moja, kisha kushiriki uamuzi, faida na hasara kwa kadiri ya kile ambacho kila mmoja ameweka. Anayeshiriki huitwa mbia, wakiwa wengi ni wabia.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana ndimo jibu lilimo.

Shina la ubia ni bia. Si bia ya chupa. Kabla lager ya kwanza haijatua bandarini, Kiswahili kilikuwa na bia yake, na bado imo kwenye kamusi, imekaa jirani na bia ya kinywaji kama watu wawili wenye jina moja wasio na undugu wowote. Bia ile ya zamani ni ushirika wa kuchanga. Watu walikula bia: huyu ana mchele, yule ana samaki, mwingine ana nazi na kuni, chungu kimoja kikapikwa na wote wakazunguka sinia moja. Watu walinunua kitu bia: mmoja hana fedha za kutosha kununua ngalawa, wakachanga watatu, ngalawa ikawa ya watatu. Kijana wa leo akisikia "jana tulikula bia" anadhani msemaji amekosea kitenzi. Hakukosea. Tumelisahau neno.

Bia ya kinywaji ni mgeni, imetoka kwenye Kiingereza. Pwani ilikuwa na tembo la mnazi, bara ilikuwa na pombe za mtama, za ulezi, za ndizi, na hakuna aliyehitaji jina jipya mpaka lilipokuja na kinywaji chenyewe. Bia ya kuchanga ndiyo iliyotuzalia ubia, kwa u- ileile inayotoa udugu kwenye ndugu na ujirani kwenye jirani. Ikazaa pia mbia, kwa m- ya watu.

Angalia sasa kitenzi kinachofuatana na neno hili. Ni kuchanga, na kuchanga hutangulia kula. Huwezi kuwa mbia kwa kufika wakati wa kupakua. Tena aliyechanga ana sauti jikoni: akiona chumvi imezidi anasema, akitaka kujitoa safari ijayo anajitoa na chake. Mtu akija na fedha akanunua chungu, akashika mwiko peke yake, akaamua nani ale na nani asile, huyo amenunua chungu. Hata akiwapakulia wengine kwa ukarimu mkubwa, hawakula bia pamoja naye.

Kwa kipimo hicho turudi kwenye viwanda.

Kenya Breweries ilianzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, pamoja na wenzao. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia yao ikaitwa Tusker, yaani tembo mwenye pembe, yule ambaye hadi leo yuko kwenye lebo. Tanganyika Breweries ilifuata Dar es Salaam mwaka 1933. Ilikaa peke yake muda mfupi tu: ile ya Nairobi iliinunua katikati ya miaka ya 1930, na kampuni mama ikabadili jina kuwa East African Breweries. Watu husahau hapa. Tunazungumza kana kwamba bia ya Tanganyika ilikuwa yetu mpaka mgeni wa juzi alipofika, wakati kununuliwa kwake kuna umri karibu sawa na wake. Nairobi nako kuna kituo cha matatu kwenye barabara ya Thika kinachoitwa Allsopps. Hilo lilikuwa jina la kampuni ya bia iliyokuwa hapo, ikamezwa na East African Breweries. Abiria wanalitaja jina hilo kila siku, bia yake hakuna anayeiagiza.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ya Tanzania ilichukua hisa katika kampuni hiyo ya Dar es Salaam, sasa ikiitwa Tanzania Breweries (TBL), na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni yote ilikuwa mali ya serikali. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Mitambo ilichakaa, fedha za kigeni za kununulia vipuri na kimea hazikutosha, bia ikawa kitu cha mgao na foleni. Mwaka 1993 serikali ikakaribisha South African Breweries, kila upande ukashika nusu. Hapo, kwa haki, neno ubia lilifaa. Serikali iliweka viwanda, majina yanayojulikana na soko, mgeni akaweka mtaji, mitambo na uendeshaji. Walichanga. Sitaki kumnyima mtu haki yake: viwanda vile vilifufuka, na Kilimanjaro, bia ambayo wengi wanadhani ni ya enzi za mababu, ilizaliwa mwaka 1996 ndani ya ubia huo.

Ila ubia unaweza kuisha bila mtu kutangaza. Mwaka 1998 hisa za TBL ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, wananchi wakanunua, fungu la serikali likapungua, na la mgeni likavuka nusu. Tangu hapo uamuzi ulikuwa wa upande mmoja, na jina sahihi la kampuni ya namna hiyo ni kampuni tanzu. Mwaka 2002 South African Breweries ikainunua Miller ya Marekani, ikawa SABMiller. Mwaka 2016 SABMiller yenyewe ikanunuliwa na AB InBev, yenye makao yake Leuven, Ubelgiji, kwa zaidi ya dola bilioni 100. Magazeti mengi yaliandika "muungano". Katika muungano huzaliwa kitu cha pamoja. Hapa mmoja alibaki na mwingine akatoweka, hata jina lake likaondolewa kwenye soko la hisa la London.

Mwananchi mwenye hisa zake mia mbili za TBL, je, si mbia? Ni mwanahisa. Hisa ni fungu, na fungu lake ni halali: anapata gawio, anaalikwa kwenye mkutano mkuu, anapiga kura. Kura hiyo mbele ya mwenye zaidi ya nusu haiwezi kuzuia kiwanda kufungwa wala chapa kuachwa. Mbia huulizwa, mwanahisa mdogo hujulishwa.

Anayetaka kuona ubia wa bia unaoendelea kwa muda mrefu atazame Burundi. Brarudi, watengenezaji wa Primus na Amstel wa Bujumbura, ni ya Heineken kwa zaidi ya nusu, lakini serikali ya Burundi imeshikilia takriban asilimia 40. Fungu kubwa namna hiyo likiwa mkononi mwa serikali inayotoza kodi, hakuna anayeamua jambo kubwa bila kugonga mlango wa mwenzake.

Sasa Moshi, ambako hasa nilitaka kufika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni mbili zilikuwa zinapigana. East African Breweries ya Nairobi ilikuwa na Kibo Breweries upande wa Tanzania, chini ya mlima, ikitafuta wateja wa TBL. Waafrika Kusini nao walijenga kiwanda cha Castle, bia yao, mjini Thika, kikafunguliwa mwaka 1998, kikitafuta wateja wa Tusker nyumbani kwake. Mnywaji alishindaniwa kwa bei na kwa matangazo. Mkulima wa shayiri, dereva wa lori, mwenye baa, kila mmoja alikuwa na wanunuzi au wauzaji wawili wa kuwapima.

Mwaka 2002 wakapatana. Kibo ikaenda kwa TBL, na East African Breweries ikapata asilimia 20 ya TBL. Upande wa pili, Waafrika Kusini wakaondoka Thika na kupata asilimia 20 ya Kenya Breweries, kampuni tanzu ya East African Breweries upande wa Kenya. Kila mmoja akapewa leseni ya kutengeneza chapa za mwenzake kwake: Tusker ikapikwa Tanzania na TBL, Castle ikapikwa Kenya na Kenya Breweries. Viwanda viwili, cha Moshi na cha Thika, vikafungwa. Wenye bia hawakupungukiwa na bia. Waliopungukiwa ni waliokuwa wakiingia getini kila asubuhi kwa zamu, na miji miwili iliyokuwa ikiishi kwa mishahara yao.

Tafuta mchango humo. Hakuna shughuli mpya waliyoianzisha pamoja wala chungu walichoweka katikati. Kila mmoja alirudi upande wake wa mpaka na kumwachia mwenzake uwanja, na zile asilimia 20 zilikuwa dhamana kwamba hakuna atakayerudi kupigana. Kiswahili kina neno la hilo, na ni kugawana. Waligawana soko. Kuchanga na kugawana ni mwendo wa mikono unaokwenda pande mbili tofauti: mmoja unaleta katikati, mwingine unachukua kutoka katikati. Ukiviita vyote ubia, umemwondolea msikilizaji uwezo wa kuuliza nani aliweka nini.

Hata wao wenyewe hawakuishi kama wabia. Mwaka 2010 East African Breweries ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, mshindani wa TBL papo hapo Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikauza hisa zake zote za TBL. Hisa za Kenya Breweries zilizokuwa kwa SABMiller nazo zikarudi kwa East African Breweries. Makubaliano yakavunjika, vita vikaanza upya.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, najua hukukusudia vibaya, na historia yako kwa jumla ilikuwa nzuri. Naomba tu sentensi ile moja uisome tena hewani hivi: "Mwaka 2002 kampuni mbili zilizokuwa zikishindana zilibadilishana hisa na kugawana soko, na kiwanda cha Kibo cha Moshi kikafungwa, sawa na kile cha Thika." Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Ubia tuuache kwa ule wa 1993, uliokuwa ubia kweli mpaka ulipokwisha.