Namba juu ya namba: kutafuta mihuri adimu katika sarafu za Kongo ya zamani

Anayeniletea sarafu ya zamani hapa Lubumbashi karibu kila mara huanza na umri wake. "Papa, hii ni ya Bula Matari, angalia shimo lake." Bula Matari ndilo jina ambalo watu waliuita utawala wa kikoloni. Ni kweli, sarafu za shaba za Dola Huru ya Kongo, zile zilizopigwa Brussels kuanzia 1887 kwa jina la Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, zina shimo katikati. Lakini zote zina shimo, na nyingi bado zimo kwenye makopo ya vifungo na masanduku ya mabibi zetu. Iliyochakaa haimtajirishi mtu. Mimi nikipewa sarafu ya 1888 natazama namba 8 ya mwisho kwanza, kwa sababu zipo ambazo 8 hiyo imepigwa juu ya 7.

Ili uelewe kwa nini jambo hilo lina uzito, inabidi ujue sarafu inavyotengenezwa. Kipande cha shaba kisicho na maandishi huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kisha mashine huibana kwa nguvu kubwa. Kila muhuri umechongwa kinyumenyume, na palipochimbwa kwenye muhuri ndipo panapoinuka kwenye sarafu. Muhuri mmoja hupiga sarafu maelfu kabla ya kuchakaa au kupasuka. Kwa hiyo alama yoyote iliyo kwenye muhuri hurithiwa na sarafu zote zilizopigwa na muhuri huo, na ile iliyotokea baadaye, mfukoni au sokoni, ni ya sarafu moja peke yake.

Sasa fikiria mwaka umebadilika na kiwandani kuna muhuri wa mwaka uliopita ambao bado ni mzima. Chuma kile kimegharimu kazi nyingi, hakitupwi. Fundi alichukua chapa ya namba mpya akaigonga juu ya ile ya zamani, na mabaki ya ya zamani yakabaki yakichungulia. Ndivyo tulivyopata 1888 juu ya 1887.

Ili kuiona, kaa karibu na dirisha asubuhi, au washa taa moja tu uiweke chini, mwanga upige sarafu kwa ubavu. Taa ya dari huficha kila kitu. Lupe ya kukuza mara kumi inatosha. Ukikuza zaidi ya hapo kila chembe ya kutu itaonekana kama ugunduzi. Igeuze sarafu polepole huku ukitazama 8 ya mwisho peke yake. Umbo la 7 lina mstari mlalo juu na mguu unaoshuka kwa mshazari, kwa hiyo mabaki yake yatafute juu ya kichwa cha 8, penye kona ambayo namba ya mviringo haipaswi kuwa nayo, na ndani ya matundu mawili ya 8, ambako kipande cha mguu huweza kukatiza. Halafu linganisha na 8 zilizotangulia kwenye tarehe hiyohiyo. Nane tatu ziko bega kwa bega, na hizo mbili za mwanzo ndizo shahidi wako bora. Kama nazo zina uvimbe uleule, ulichokiona ni uchakavu.

Mabaki ya kweli huwa yameinuka na yana rangi ileile ya uso wa sarafu. Mtu aliyechonga kwa sindano ili adanganye huacha mifereji midogo pembeni ya namba, na shaba pale hung'aa tofauti, kwa kuwa imefunuliwa jana na si zaidi ya miaka mia iliyopita. Kanuni hiyo hutumika pia kwa mistari: muhuri uliopasuka huacha mstari ulioinuka kwenye sarafu, mkwaruzo huacha mstari uliozama. Pitisha mwanga pande mbili, utajua ni upi.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni sarafu ya pili. Ukidhani umepata muhuri wa pekee, tafuta nyingine iliyotoka kwa watu wengine kabisa, yenye alama ileile, mahali palepale, kwa umbo lilelile. Ikipatikana, umemkamata muhuri. Isipopatikana, andika "inasubiri" na uendelee na kazi. Napendelea mkusanyaji mwenye bahasha nyingi za "inasubiri" kuliko yule anayetangaza kila juma.

Suala la maandishi yanayoonekana mara mbili linawachanganya wengi. Mfano unaojulikana duniani ni senti ya Marekani ya 1955, ambayo tarehe na maneno yake yana kivuli kinene. Zamani muhuri ulibanwa zaidi ya mara moja kwenye chuma mama, kile chenye picha iliyoinuka, ili upate picha kamili, na safari moja ulibanwa ukiwa umepinda kidogo. Kila sarafu ya muhuri ule ina kivuli hicho, herufi zimegawanyika vizuri na zina unene wake kamili. Lakini kipo kivuli kingine cha bei rahisi: mashine ikilegea, muhuri hutikisika baada ya kupiga na kusukuma ukingo wa herufi, ukaacha ngazi bapa, nyembamba, inayong'aa. Hiyo imejaa kwenye sarafu za nchi zote. Wauzaji wa mitandaoni huziita adimu, na inaniuma kuona vijana wakitoa falanga zao kwa ajili ya mtikisiko.

Vilevile usihesabu kuwa adimu kile ambacho kilikusudiwa. Sarafu za Kongo ya Wabelgiji za mfalme Albert, za falanga 1 na santimu 50 zipo za Kifaransa na za Kiflemi, kwa mpango wa serikali. Herufi H kwenye baadhi ya sarafu za 1919 ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Ile ya shaba nyeupe, ya shaba ya njano, ya pembe sita: kila moja ni toleo lake. Falanga 2 za 1943 zenye tembo na pembe sita zilipigwa Philadelphia, Marekani, wakati Ubelgiji imekaliwa na Wajerumani, na zilipigwa kwa mamilioni.

Kitu kimoja nakiomba kwa moyo wote: msisugue. Limau na majivu hung'arisha shaba kwa kula ngozi yake, na mabaki ya 7 ni membamba kuliko unavyodhani. Ndiyo yanayoondoka kwanza. Loweka kwenye maji yaliyochujwa, kausha kwa kugusa tu kwa kitambaa laini, na kutu ya kijani iliyoshika iache.

Kwa sisi wa huku kuna uwanja ambao haujalimwa vya kutosha, nao ni sarafu za Katanga za 1961, wakati jimbo letu lilipokuwa limejitenga na Kongo. Falanga 1 na falanga 5 za bronzi, ndizi upande mmoja, msalaba wa shaba wa Katanga upande mwingine, zilitolewa mji huu ukiitwa bado Elisabethville. Zimo majumbani mwetu kuliko mahali pengine, kwa hiyo sisi ndio tunaoweza kulinganisha nyingi kwa pamoja. Shika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, uigeuze: picha ya nyuma imesimama wima au imelala? Mihuri iliyozunguka huvutia, ingawa mimi naipa cheo cha chini, kwani muhuri uliolegea huendelea kuzunguka na pembe hubadilika. Natazama zaidi nyufa za kwenye ukingo na mikono ya msalaba. Piga picha ya kila moja kwa mwanga uleule, upande uleule, pima uzito, andika imetoka mtaa gani. Ukiwa na ishirini zimepangwa mezani hivyo, ufa mdogo unaojirudia kwenye mbili kati yake utauona hata kabla ya kushika lupe.