Tremolo inayoelea: kibao kimoja kinatosha

Mpiga gitaa la umeme wa benga hana haja kubwa na daraja linaloelea, yaani lile linaloshikiliwa kati ya mvuto wa nyuzi na wa springi, na linalosogezwa mbele na nyuma kwa mkono wa tremolo. Solo inakimbia juu ya nyuzi nyembamba usiku kucha, na uzi wa kwanza ukikatika katikati ya wimbo, springi zinashinda, daraja linalala nyuma na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda sauti. Nyuzi za 9-42 (unene wake kwa elfu za inchi, kutoka nyembamba hadi nene) zikiwa kwenye tyuni ya kawaida zinavuta karibu kilo 38 kwa jumla, na springi za nyuma ndizo zinazosawazisha mvuto huo. Upande mmoja ukilegea, mwingine unachukua.

Wengi hulifunga daraja pande zote mbili. Mimi naona ni kazi ya bure. Fungua kifuniko cha nyuma: kuna bonge la chuma linaloning'inia kutoka kwenye daraja, na springi zinalivuta kuelekea shingo. Ukibonyeza mkono wa tremolo, bonge linaenda upande wa mkia; ukiuinua, linaenda upande wa shingo. Basi kibao cha mbao cha kulizuia bonge kikae kati yake na ukuta wa tundu ulio upande wa shingo, chini ya springi.

Tyuni kwanza, hakikisha bamba la daraja liko sambamba na mwili wa gitaa, ndipo upime mwanya. Kata kibao kizidi kwa milimita moja, kisha kipunguze kwa msasa. Kikiwa chembamba, daraja litalala nyuma na nyuzi zitaanza kugonga freti, vile vyuma vya shingoni. Kikiwa kinene, nyuzi zitainuka juu mno.

Kwa mafundi wa samani pale Kibuye, Kisumu, omba kipande cha mvule kilichobaki, kikavu kabisa. Saipresi hapana, inabonyea. Mistari ya mbao itoke ukutani kuelekea kwenye bonge, kwa kuwa mbao husinyaa kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. (Sarafu zilizopangwa pamoja huteleza, achana nazo.)

Bonyeza mkono wa tremolo ili mwanya ufunguke, ingiza kibao, kishikize kwa tepu ya pande mbili. Gundi ya mbao usiguse. Halafu kaza zile skrubu mbili za chuma kinachoshika springi, nusu mzunguko kila moja kwa zamu. Sasa vuta uzi wa tatu kama unayepinda noti huku uzi mwingine ukilia: huo mwingine ukishuka sauti, springi bado hazijalibana bonge kwenye kibao. Kaza tena. Skrubu zikifika mwisho, ongeza springi ya nne.

Utapoteza kupandisha noti kwa mkono, na mkono wenyewe utakuwa mgumu. Kushusha bado kupo, na unaweza kuteremsha uzi wa sita hadi D bila kusumbua nyingine.

Ukiwa humo ndani, chunga waya mwembamba uliolehemiwa kwenye chuma hicho cha springi. Ni waya wa athi, unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme ili kelele zipungue. Ukikatika, gitaa litavuma kwenye spika hata ukigusa nyuzi.