Kuzima mtandao si sawa na mtandao kukatika

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa la Mwanza, intaneti ikigoma watu wana neno moja tu: "umekata." Mvua ikinyesha, umekata. Kifurushi kikiisha bila mwenyewe kujua, nao pia umekata. Kumbe Kiswahili kimetupa vitenzi viwili. Kilichokatika huenda hakina mkataji, ila kilichozimwa lazima kina mzimaji.

Kuzima mtandao ni serikali kuamuru, kwa makusudi, kwamba intaneti au sehemu yake isiwafikie watu wa eneo fulani. Neno zito hapo ni makusudi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Huko ni kukatika. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilitoweka nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3. Huko ni kuzimwa.

Chukua kivuko cha Kamanga. Injini ikifa katikati ya maji, hiyo ni hitilafu. Lakini chombo kikiwa kizima, nahodha yupo, mafuta yapo, halafu ije amri kwamba abiria yeyote asikatiwe tiketi, hilo ni jambo jingine kabisa. Wala hakuna anayekwenda kukata waya kwa shoka. Kampuni za simu zinaishi kwa leseni, na aliyeitoa anaweza kuichukua. Kwa hiyo amri ikifika, mafundi wa kampuni zenyewe ndio wanaozima. Misri, usiku wa kuamkia Januari 28, 2011, kampuni za intaneti ziliacha kuutangazia ulimwengu njia za kufikia mitambo yao, ni kama mtu kang'oa vibao vyote vya barabarani. Mitambo ilikuwepo, ila hakuna aliyejua apite wapi kuifikia. Hali hiyo ilidumu takribani siku 5.

Si lazima kuzima kote. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Uganda, Februari 2016 walifungiwa mitandao ya kijamii pamoja na pesa za simu siku ya kupiga kura. Januari 2021 ikazimwa intaneti yote kwa siku kadhaa. Kamerun mwaka 2017 ilizima mikoa miwili tu, ile inayozungumza Kiingereza, kwa siku 93. Iraq wao wamezoea kuzima saa chache za asubuhi ili wanafunzi wasiibe mitihani (nchi nzima inanyamazishwa kwa ajili ya karatasi ya hesabu!).

Kuna na kupunguza kasi, na hii mimi ndiyo naiona mbaya zaidi kwa sababu ni ngumu kuithibitisha. Kashmir, India, ilizimiwa Agosti 2019. Hata simu ziliporudishiwa intaneti zilibanwa kwenye 2G, ile teknolojia ya zamani yenye kasi ndogo, hadi Februari 2021. Kwa kasi hiyo mtandao upo, lakini picha inazunguka mpaka unakata tamaa.

VPN je, ile programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta iliyo kwingine? Inasaidia pale palipofungwa tovuti au programu fulani, maana inakupitisha mlango wa pembeni. Intaneti yote ikizimwa, VPN haina pa kupitia. Kivuko hakijatoka, mlango wa pembeni utakufikisha wapi?

Rudi Kirumba sasa. Wakala wa pesa huenda akaendelea na kazi, kwa kuwa ile menyu ya nyota na reli inasafiri kwenye njia ya simu ya kawaida, haihitaji intaneti. Anayekwama ni mteja aliyezoea programu. Muuza dagaa ana shida yake. Mteja wake yuko Lubumbashi, Kongo, na kabla ya kutuma pesa anataka picha. Kupiga simu anaweza, ila kwa sauti peke yake hakuna namna ya kumwonyesha kama dagaa hawa wamekaushwa kwenye chanja au mchangani, na bei ya hao wawili si moja.